Ufunguo wa Bibi Mkubwa

Mwaka 1994 nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa na kazi: kubeba ufunguo. Ulifungwa kwenye uzi nikauvaa shingoni, ndani ya shati la shule, na nilijiona mtu mkubwa kweli.

Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Kibiti, kwenye barabara ya kwenda Kilwa. Mashamba ya mpunga yako mbali, bondeni kwenye Mto Rufiji. Mpunga ukianza kubeba, watu wazima huhamia huko kuamia ndege. Wanalala kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, maana maji yanaweza kukufuata usiku, na nguruwe pori naye hana likizo. Anayeijua Rufiji anajua kwamba msimu huo kijijini wanabaki watoto wa shule, kuku, na wazee wasioweza kutembea.

Mzee wetu alikuwa Bibi Mkubwa, dada yake bibi yangu. Macho yalikuwa yamekwisha, miguu nayo inamgomea. Akitoka peke yake atapotea. Kwa hiyo asubuhi nikienda shule nilifunga mlango kwa nje, na mchana nikirudi nafungua. Ndani nilimwachia kata ya maji na muhogo wa kuchemsha. Jioni dada yangu alipika. Hakuna aliyeona ni ukatili. Tuliita kumtunza.

Siku moja lori lilikwama kwenye tope la barabara ile, na watoto wote tulikwenda kutazama. Nilirudi magharibi. Kata ilikuwa imepinduka, maji yamenyonywa na udongo, na Bibi Mkubwa ameketi kwenye khanga iliyolowa mkojo, midomo imekauka mpaka imepasuka. Ijumaa baba alipopanda kutoka bondeni akamuuliza hali. Bibi akajibu: “Mtoto ananitunza vizuri. Kila siku anakuja mapema.”

Nimeishi na jibu hilo zaidi ya miaka thelathini. Ndilo lililonifanya nianze kuuliza historia ya jambo ambalo kwetu halina hata jina moja lililokubalika: mzee kuumizwa, au kuachwa tu, mikononi mwa wale waliopewa kazi ya kumtunza.

*

Tuanze na bonde lenyewe. Wazee wetu hawakuwa watu wa barabarani. Waliishi bondeni, karibu na mashamba, na mto ulipopanda walijua pa kukimbilia. Kisha yakaja mafuriko makubwa ya 1968, na baada yake serikali ikaendesha Operesheni Rufiji. Watu wakahamishiwa ardhi ya juu, waishi katika vijiji vya ujamaa, karibu na shule, zahanati na barabara. Ilikuwa miongoni mwa operesheni za mwanzo kabisa, miaka kadhaa kabla ya zile za katikati ya miaka ya 1970 zilizohamisha watu nchi nzima. Mtafiti Kjell Havnevik, aliyeandika kwa kina kuhusu Rufiji katika kitabu chake cha 1993 juu ya mipaka ya maendeleo yanayoshushwa kutoka juu, anasaidia sana kuuelewa wakati huo.

Sitaki kudanganya kwamba bondeni kulikuwa peponi. Watoto walikufa, na maji yalichukua watu. Lakini nyumba na shamba vilikuwa pamoja. Mzee asiyeweza kulima aliketi kwenye dungu akavuta kamba yenye makopo kufukuza ndege. Alikuwa na kazi, na la muhimu zaidi, alionekana. Akikohoa, kuna mtu anasikia.

Baada ya kuhama, nyumba ilikuwa juu na chakula kilikuwa chini, na katikati mwendo wa saa kadhaa. Mpunga haukuhamia barabarani pamoja na sisi. Kila msimu familia ilipaswa kuchagua kati ya shamba na mzee, na kwa kuwa bila shamba hata mzee hali, jibu lilikuwa moja. Mimi nauona ufunguo wangu wa 1994 ukianzia hapo. Aliyepanga kijiji chetu alifikiria shule, zahanati na barabara. Mzee asiyeweza kushuka bondeni hakuwa kwenye ramani yake.

*

Sasa vuka mto uende upande wa kusini, Utete. Karibu na mji huo kuna kijiji kinaitwa Kindwitwi. Kilikuwa kijiji cha wenye ukoma. Rufiji iliujua ukoma vizuri, na desturi ilikuwa ile ya kila mahali duniani: mgonjwa atoke, akae mbali. Miaka ya 1960 alihamia huko kasisi wa Kianglikana kutoka Uingereza, Robin Lamburn, ambaye alikuwa Tanganyika tangu 1930. Aliishi na watu wale, katika eneo ambalo wengi wao ni Waislamu, hadi alipofariki mwaka 1993. Shirika la Rufiji Leprosy Trust, lenye makao Uingereza, limeendelea kukisaidia kijiji.

Kindwitwi inafundisha jambo ambalo ni rahisi kulipita. Dawa ya ukoma ilipatikana. Kuanzia mwaka 1982 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa mseto, na mtu akizimaliza amepona, hamwambukizi yeyote. Lakini vidole havirudi, wala wale ndugu waliokuwa wamezoea kuishi bila yeye. Mtu aliyeingia kijana kama mgonjwa alibaki kama mzee. Kijiji cha wagonjwa, pole pole, kikawa kijiji cha wazee na vizazi vyao.

Na si Kindwitwi peke yake. Ukifuatilia makazi ya wazee ya Tanzania Bara utakutana na njia hiyo hiyo: Nunge ya Kigamboni, Bukumbi ya Misungwi, yote yana historia ya ukoma ndani yake. Mengine yalipokea waliookotwa mijini, ombaomba na wasio na kwao. Jina rasmi lilikuwa “makazi ya wazee na wasiojiweza”. Litazame neno hilo: wasiojiweza. Linasema mtu hawezi nini, na halisemi nani anapaswa kumwezesha.

Hoja yangu ndiyo hii. Nyumba hizi nyingi hazikuanzishwa ili mzee aonekane. Zilianzishwa ili jamii isimwone: asiambukize, asiombe, asiaibishe mji. Ndiyo maana ziko pembezoni. Basi usishangae kwamba mahali palipojengwa kwa ajili ya kuficha pana kazi ngumu ya kufichua. Siwasemi vibaya watu wanaofanya kazi humo. Nimekutana na wahudumu wanaomwogesha mzee kwa upole kuliko mjukuu wake wa damu. Lakini upole wa mtu mmoja si ulinzi. Ulinzi ni jicho la nje linaloingia bila kutangaza.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba familia ndiyo mtunzaji wa kwanza, na makazi ni hatua ya mwisho. Kwa hesabu ni kweli: Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao milioni 2.5 wenye miaka 60 na zaidi, na makazi ya serikali hayafiki hata 20. Zanzibar walikwenda hatua nyingine. Mwezi Aprili 2016 walianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea pensheni, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati huo, na mwaka 2020 wakatunga sheria ya masuala ya wazee. Huku kwetu bara, kwa miaka mingi tulikuwa na sera tu. Na sera bila sheria, mzee wa Kibiti ataishika wapi?

*

Msomaji anaweza kusema haya ni umaskini wetu. Ngoja twende London kidogo.

Mwaka 1965 mwanamke mmoja, Barbara Robb, alikwenda kumtembelea mzee aliyemfahamu, Amy Gibbs, aliyekuwa amelazwa Friern, hospitali kubwa ya magonjwa ya akili kaskazini mwa jiji. Alikuta wodi ya wanawake wazee walionyang'anywa miwani yao, meno yao ya bandia, vifaa vyao vya kusikilizia. Fikiria: mtu huoni, husikii, huwezi kutafuna wala kutamka vizuri, halafu unaandikwa kuwa umechanganyikiwa. Robb alianza kuandika alichokiona. Novemba mwaka ule yeye na wenzake walipeleka barua katika gazeti la The Times, watu wengi wakajibu kwa visa vyao wenyewe, na mwaka 1967 akatoa kitabu, Sans Everything, jina alilolichukua kwa Shakespeare.

Wakubwa walikataa. Uchunguzi ulifanyika na visa vingi vikaitwa vya kutia chumvi. Lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. Mwaka 1969 ripoti juu ya hospitali ya Ely, huko Cardiff, ilithibitisha mateso ya aina ile ile, na serikali ikaunda chombo cha kuzikagua hospitali. Madaktari wa Uingereza walianza kuliandika tatizo la wazee kupigwa katika majarida yao mwaka 1975. Leo dunia ina siku yake ya kukumbushana, tarehe 15 Juni.

Ninachokipenda katika kisa hiki ni udogo wa mwanzo wake. Robb hakwenda kukagua. Alikwenda kumsalimia mtu. Akaona mtu hana miwani, akauliza iko wapi.

*

Bibi Mdogo, mdogo wake Bibi Mkubwa, alizeekea delta kwa mwanawe wa pekee, mvuvi wa kamba. Huko ukiugua husemi “twende hospitali”. Unauliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, kisha unasubiri mashua ya Nyamisati. Alipoanguka akavunjika nyonga, alifika hospitali siku ya pili. Baada ya matibabu hakuweza tena kuishi kwenye nyumba ya mikoko yenye ngazi. Mimi na dada yangu tulikuwa mjini, tunafanya kazi. Tukapata nyumba binafsi ya kulelea wazee. Jina lake na mji wake naviacha.

Tulikwenda kila Jumapili saa nne, saa ya wageni. Kila Jumapili Bibi Mdogo alikuwa amevaa gauni safi, amepakwa mafuta, ameketi barazani. “Wananitunza vizuri,” alisema. Tuliondoka tumefurahi, na labda, niseme ukweli, tumefurahi kwa sababu tulitaka kufurahi.

Jumatano moja nilipita karibu na pale kwa kazi nyingine, saa kumi jioni, nikaingia. Alikuwa kitandani. Midomo imepasuka. Kikombe cha maji kipo, kimejaa, juu ya meza ya upande wa pili, ambako mkono wake haufiki. Nikamuuliza hali. Akamtazama kwanza mhudumu aliyesimama mlangoni, kisha akanijibu:

“Wananitunza vizuri, mjukuu wangu.”

Wallahi nilisikia sauti ya Bibi Mkubwa. Sentensi ile ile, midomo ile ile. Nikamwomba mhudumu atupishe. Nikampa maji, akanywa vikombe vitatu mfululizo. Nilipomgeuza nikaona kidonda juu ya makalio, pale mfupa unapogusa godoro, ukubwa wa kifuniko cha soda, na kinanuka.

Nilipouliza niliambiwa, “Huo ni uzee tu.”

*

Hapana. Uzee hautoboi ngozi. Kidonda cha kulalia kinatoka kwa mtu kulazwa upande mmoja bila kugeuzwa. Hutokea kiunoni, kwenye nyonga na kwenye visigino, na huanza na wekundu au weusi usiofifia ukiubonyeza. Si kila kidonda ni kosa la mtu, maana mgonjwa mahututi anaweza kukipata hata akitunzwa sana, lakini kila kidonda kinadai maelezo.

Jamii yetu si kwamba haijui kusoma dalili kwenye mwili wa mzee. Inasoma sana, ila inasoma vibaya. Usukumani, kama Simeon Mesaki alivyoandika katika tafiti zake juu ya mauaji ya wanaodhaniwa wachawi, macho mekundu ya bibi kizee yaligeuzwa ushahidi wa uchawi, wakati moshi wa jikoni unatosha kuyaeleza. Kwetu mzee akianza ghafla kuongea maneno yasiyoeleweka tunasema amezeeka, au amechezewa, na kumbe mara nyingi hajanywa maji siku mbili, au ana maambukizi ya mkojo yanayotibika. Tunasoma jicho jekundu, tunaruka kikombe kilicho mbali.

Basi tusome upya. Michubuko ya mikono yote miwili, sehemu ya juu, inafanana na vidole vya mtu aliyeshika kwa nguvu. Alama ya kuzunguka kifundo inafanana na kamba. Mzee anayelala mchana kutwa huenda anapewa dawa za kumtuliza ili asisumbue. Nguo zinazomwagika mwilini kila mwezi maana yake hali chakula. Pesa za TASAF zinazopokewa na mtu mwingine na yeye hajui ziko wapi ni wizi, hata kama mpokeaji ni mtoto wake. Na yupo mhudumu anayejibu kila swali kwa niaba ya mzee, na mzee anayetazama mlango kabla ya kusema. Dalili moja peke yake haimhukumu mtu. Inakupa sababu ya kuuliza.

Na ukishaona, ufanye nini? Nakueleza nilivyofanya, pamoja na nilipokosea. Kosa langu la kwanza lilikuwa kufoka. Nilimfokea mhudumu, binti mdogo ambaye baadaye nilijua kwamba usiku alikuwa peke yake na wazee kumi na wanne. Kufoka hakukumgeuza Bibi kitandani.

Kisha nikatulia. Nilizungumza na Bibi peke yetu, na sikumlazimisha amtaje mtu. Nilimuuliza kama anakubali nipige picha, akakubali. Niliandika kwenye daftari tarehe, saa, nilichoona na nilichojibiwa, kwa maneno yale yale. Nilimpeleka kituo cha afya siku hiyo hiyo ili kidonda kiandikwe na mtaalamu. Kama ingekuwa kipigo, ningepitia polisi kuchukua fomu ya PF3, na kwenye vituo vingi lipo Dawati la Jinsia na Watoto ambalo mtu anaweza kuanzia. Siku iliyofuata nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na daftari langu. Kijijini ungeanza na mtendaji na baraza la wazee.

Sheria nayo si bubu kabisa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, tuliyorithi tangu enzi za mkoloni, inamtaka anayemhifadhi mtu asiyeweza kujitafutia mahitaji, kwa sababu ya umri au ugonjwa, ampatie mahitaji hayo. Niliposoma maneno hayo sikufikiria tu wenye nyumba ile. Nilifikiria nyumba yetu, na ufunguo.

Afisa alikwenda baada ya siku tisa. Alikuta wazee wengine wawili wana vidonda. Wenye nyumba walitakiwa kuongeza wahudumu wa usiku, na wakaongeza. Bibi Mdogo tulimrudisha Kibiti, kwa dada yangu aliyekuwa ameacha kazi. Kidonda kilichukua miezi mitatu kufunga. Aliishi miezi kumi na moja, na siku moja, tukimenya maembe, nilimuuliza kwa nini hakusema.

“Ningesema, mngenitoa. Mngenitoa, mngenipeleka wapi? Mna kazi zenu.”

Hakuwa anawalinda wahudumu. Alikuwa anatulinda sisi, kama dada yake alivyonilinda mimi na lori langu.

*

Peter van Eeuwijk, mtafiti kutoka Basel aliyefanya kazi na wazee wa Dar es Salaam na Rufiji, ameandika juu ya wazee wanaowatunza wazee wenzao, jambo linalokwenda kinyume na desturi lakini limekubalika. Nilimfikiria nilipomkuta, chumba alichokuwa akilala Bibi, mwanamke wa kitanda cha pili. Yeye hana mtu. Kumbe usiku ndiye aliyekuwa akimsukumia Bibi kikombe kwa fimbo yake, mpaka siku fimbo ilipohamishwa.

Bado yuko pale, nami naendelea kwenda. Siendi Jumapili saa nne. Nakwenda siku yoyote, saa yoyote, mara moja au mbili kwa mwezi. Kabla sijaketi ananiambia wanamtunza vizuri, na sasa mara nyingi ni kweli. Namwitikia. Kisha naangalia fimbo iko wapi, na kikombe.